Jumamosi za Watu Wawili

Nyangeta mwanangu,

Hali yako naijua, maana asubuhi nimekuona ukizungusha kiazi kwenye sahani mpaka kikapoa. Hali yangu utaijua ukifika mwisho wa barua hii. Kwa hiyo salamu tuziruke, sisi si watu wa kuulizana habari.

Wewe na mumeo Magesa mmekwenda Nyasho kuwaaga wanakwaya, na mimi nimebaki hapa Bweri nikilinda masanduku yenu kama vile yana miguu. Nimekaa kwenye kiti cha marehemu baba yako, kile kinachoyumba. Kesho asubuhi gari la kuwapeleka Mwanza linakuja, na baada ya Mwanza sijui tena majina ya mahali mtakapopita. Ujerumani yenyewe nimeiona kwenye simu yako tu, nyumba zimepangwa vizuri kama sabuni za miche dukani kwangu.

Sitakuandikia habari za sweta. Wala namna ya kufunga dagaa wasinukie nguo. Mama zako wadogo wamelisema hilo wiki nzima, kila mmoja na lake, na sidhani kama kuna anayejua. Nataka kukuandikia juu ya safari yangu mimi.

Tulikubaliana nitawafuata mkishatulia kidogo, nikae nanyi mpaka mzoee. Nasema tulikubaliana, lakini ukweli ni kwamba mimi nilipanga na wewe ukaitikia, "Sawa, mama." Nikaenda kupiga picha ya pasipoti. Nikanunua na begi. Lakini ile "sawa" yako imenikaa kooni kama mwiba wa sato tangu siku ile, kwa sababu niliwahi kuisikia mahali pengine, kwa mtu mwingine, na nilichelewa sana kuielewa.

Unawakumbuka Ida na Lasse? Ulikuwa mdogo, ndiyo kwanza unajifunza kuandika kwa mistari. Walitoka Denmark, vijana waliooana juzijuzi, wakapanga ile nyumba yetu ya uani ambayo baadaye mlikaa ninyi. Yeye Lasse alifundisha ufundi chuoni, Ida alikuwa anafanya kazi na watu wa afya. Walikuwa Wazungu wa kwanza kukaa mtaa huu, na mimi niliwapokea kama vile nimezaa mapacha.

Niliwaonea huruma, Nyangeta. Hawakuwa na mama, hawakuwa na shangazi, hawakuwa na hata jirani wa kumwomba chumvi. Na kwetu mtu akikaa peke yake jioni, ujue amefiwa au amenuna. Kwa hiyo nikaamua hawatakaa peke yao hata jioni moja. Nikitoka dukani nilipitia kwao kwanza kabla ya kuingia kwangu. Nikichelewa nilikutuma wewe na sahani ya chapati. Jumapili, kanisani kukitoka, nilikuja na kina mama wenzangu, tunajaa sebuleni mwao, wengine wanakaa kwenye kitanda, maana viti havikutosha. Ida anapika chai. Lasse anawaamkia wote shikamoo, mpaka watoto wa mgongoni, na sisi tunacheka mpaka machozi yanatoka, na yeye anacheka nasi.

Hilo la kucheka nao nalisema kwa sababu litakukuta. Utakosea huko, na watakucheka. Ida alinunua nyanya kwa yule mama wa kona, akapewa zilizopondeka, akarudi kesho yake kwa mama yule yule, akapewa zilizopondeka tena. Nikamwambia ahame. Akasema hapana, nataka anizoee. Akaendelea kurudi pale mpaka siku moja yule mama akamwekea nzuri chini ya meza na kumwita wifi. Mimi nilidhani ni ujinga. Sasa naona alikuwa ananunua mtu, na nyanya ni kisingizio.

Basi. Kulikuwa na jambo lingine. Baadhi ya jioni walikuwa wakipandishiana sauti. Lugha yao sikujua hata neno moja, lakini sauti ya mke na mume wakigombana haihitaji mkalimani. Nikisikia tu, naweka maji jikoni. Nachukua chupa ya chai, nabisha hodi, naingia, nakaa katikati yao. Ida anapokea kikombe, macho mekundu. "Asante, mama." Nakaa mpaka naona wametulia, narudi ndani kifua mbele, namwambia baba yako, nimewapatanisha tena.

Baba yako alikuwa akikunja gazeti lake na kulikunjua.

Wakaanza kusema wanataka kutembea mwishoni mwa juma, waone mkoa. Walikuwa na lile gari lao la kijani lililokuwa likikohoa mlimani. Safari ya kwanza ilikuwa Butiama, kuona makumbusho. Nikamwambia Ida, Butiama ndiko nilikozaliwa, mtaendaje peke yenu kama watu wasio na kwao? Akamtazama mumewe kidogo. Halafu akasema, "Sawa, mama."

Unajua tulivyokwenda. Mimi mbele kwa sababu najua njia, Ida nyuma na wewe, na mama yako mdogo Rebeka, na hotpoti ya ugali, na nyingine ya sato, na chupa mbili za chai, kama tunahama. Makumbusho tulipita nje. Nikasema kwanza tuwasalimie wajomba zako. Wajomba wakasema Wazungu hawawezi kuondoka bila kula, mbuzi akashikwa. Wakakalishwa kwenye viti chini ya mti wa mkungu, kijiji kizima kikapita kuwapa mikono, na bibi mmoja akamshika Ida nywele tangu saa sita mpaka alipoitwa kula. Tulipomaliza jua lilikuwa limelala. Watu walikwenda kuona historia ya nchi, wakaona shangazi zangu! Lakini mimi nilirudi nikiimba.

Safari ya pili ilikuwa Bunda, wapande hadi kwenye mawe waone mbuga ilivyolala. Hawakuniambia. Nilisikia tu gari likikohoa alfajiri na mapema, nikatoka na khanga, nikajua wamesahau kuniita. Nikawaambia, ngojeni dakika moja. Nilikuwa nimeshapika usiku, maana nilihisi. Lasse akazima gari. Akaweka kichwa kwenye usukani, nami nikamwonea huruma kuwa kazi ya chuo inamchosha.

Mwanangu, mtu anaweza kuona kila kitu na asielewe hata kimoja.

Halafu ikaja Kisorya. Siku hizo barabara ile ilikuwa vumbi tupu, tukafika tumekuwa wekundu sote. Walitaka kuvuka na kivuko waende Ukerewe, walale huko, warudi Jumatatu. Mimi na wewe tulikuwa na kimfuko chetu cha nguo. Kivuko kilikuwa kimeshafungua mdomo, magari yanaingia, wauza furu, vile visamaki vya ziwani, wanapita na matenga. Ida akaja upande wangu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kiswahili chake kilikuwa kimeshakuwa cha kwetu kabisa.

"Mama," akasema, "sisi tunakupendaga sana. Usinielewe vibaya. Leo tunaomba tuende wawili tu."

"Wawili?" nikamuuliza. "Na chakula je?"

"Tutakula huko."

"Nani anawajua huko?"

"Hakuna mtu," akasema, na alivyosema ungedhani anataja jina la mbinguni.

Wakaondoka. Mimi na wewe tukabaki ufukweni na hotpoti. Wewe ulikula sato mpaka ukalala, nadhani ndicho unachokumbuka cha Kisorya. Mimi sikula. Nilitazama kile kivuko kikiwa kidogo, nikalia waziwazi mbele ya wauza samaki, mtu mzima mimi, halafu nikakubeba tukapanda basi la Bunda.

Na baada ya hapo nikafanya kosa ambalo ndilo kubwa kuliko yote ya mwanzo. Nikanuna. Ya mwanzo niliyafanya kwa kutojua, hili nililifanya kwa makusudi. Waliporudi na zawadi ya machungwa nikayapokea nikiwa nimesimama mlangoni. Sikuwakaribisha. Ida akinisalimu naitikia nikitazama masufuria. Chapati zikakoma, nikakukataza hata wewe kwenda. Wakavumilia kidogo, halafu wakatafuta nyumba Nyasho, wakahama kwa adabu, nyumba yetu wameifagia hadi uani. Niliwaambia watu, Wazungu hawana shukrani.

Baba yako hakuwa mtu wa maneno, unamkumbuka. Siku walipohama alikuwa anachota maji kwenye tangi. Akaniambia, "Mama Nyangeta, wewe umekulia kwenye ng'ombe. Ng'ombe akitaka kuzaa anafanyaga nini?"

"Anajitenga," nikasema.

"Na mchungaji anafanyaga nini?"

 Unajua na wewe, umeona kwa wajomba. Mchungaji anakaa mbali, anamtazama tu asiliwe na fisi. Akimsogelea, ng'ombe anahama tena, kila mara mbali zaidi. Baba yako akabeba ndoo yake akaingia ndani, akaniacha na hilo.

Ida alikuja dukani kuniaga walipomaliza mkataba wao na kurudi kwao. Akavuta kigoda, akakaa kati ya mabeseni. Tulikuwa hatujaongea vizuri muda mrefu. Nikamuuliza hivi hivi bila kupamba, niliwakosea nini?

Akacheka kidogo. "Mama, kule njiani ndiko tulikuwaga tunataka kugombana."

"Kwenye gari?"

"Kwenye gari, kwenye mawe, popote. Hapa nyumbani tulikuwa tukianza tu, unakuja na chai." Akanigusa goti. "Lasse alitaka kurudi kwetu. Alichoka, alikuwa na aibu kusema. Mimi nilitaka kubaki. Hatukuweza kumaliza hayo maneno. Yakawa yanaoza ndani."

"Sasa mliyamalizia wapi?"

"Ukerewe. Jumamosi tuligombana kutwa. Jumapili tukalala kutwa. Jumatatu tukawa tumeamua kubaki."

Nilitamani ardhi inimeze na mabeseni yangu. Ile ndoa, mwanangu, nilikuwa naidumaza kwa ukarimu. Nilimkumbatia Ida pale pale, nikamwomba radhi, na mteja aliyekuwa anataka ndoo akasubiri.

Sasa nakuja kwako, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Mlipooana na Magesa, kazi zenu zote zikiwa hapa mjini, mimi ndiye niliyesema mkae ile nyumba ya uani. Kwa mila zetu mkwe haishi kwa mama mkwe wake. Wajomba zako walinionya, nikawaambia hayo mambo yamepitwa na wakati, nina mtoto mmoja na nyumba tupu. Magesa hakubisha, kijana wa watu, lakini damu yake haikukubali. Nikiwa uani anapita nyuma ya tangi. Nikikaa kuchambua mchele anabaki bafuni mpaka niondoke, na mimi nilidhani ni mtu wa kupenda kuoga! Hajawahi kutafuna nyama mbele yangu. Na nilipowasikia mnapandisha sauti, Mungu anisamehe, niliweka maji jikoni. Yaani pamoja na yote niliyofundishwa na Ida. Nilijua somo, ila nilidhani ni la Wazungu.

Mkaanza kwenda Bunda kila Jumamosi, kuwasalimia wazazi wa Magesa. Nilifurahi. Nikasema wakwe zako wanakupenda. Juzi, wakati tunapanga mambo ya safari, nikampigia mama yake Magesa kumshukuru kwa kukulea kila Jumamosi. Mama wa watu akasema, "Mbona mwenzangu hawa watoto sijawaona tangu Pasaka?"

Nilikaa. Sikukasirika, usidhani. Nilikaa tu. Na Jumapili Rebeka akanisimulia, bila kujua anasimulia nini, kwamba alikwenda msibani Kisorya akawaona mnakula samaki pale juu ya ufukwe, ninyi wawili. Alitaka kuja kuwasalimia. Akasema ulikuwa unacheka mpaka umeishika meza isianguke, na Magesa anatafuna, mdomo umejaa, anaongea na mikono. Akaona haya kuwaingilia, akapita.

Mimi sijakusikia ukicheka hivyo hapa uani. Nimetafuta kichwani, sijapata. Jambo hilo limeniuma, Nyangeta, siwezi kukuficha, nimelia nalo. Na nikafikiri, je, kama hii kazi ya Ujerumani mmeitafuta kwa sababu Kisorya imekuwa karibu mno? Ng'ombe anahama, kila mara mbali zaidi. Usinijibu. Hata kama ndivyo, sikulaumu. Na kama sivyo, basi ni majivuno yangu tu ya kudhani kila njia inaanzia mlangoni kwangu.

Kwa hiyo nimekwenda kwa yule kijana wa wakala wa safari. Nimemwambia asiendelee na viza yangu. Alishangaa, akaniuliza, mama, kuna tatizo? Nikamwambia hakuna, nimepona. Rebeka amenigombeza sana. "Utamwachaje mtoto peke yake Ulaya?" Nikamjibu hayuko peke yake, ana mume. Tulitazamana, maana nadhani ni mara ya kwanza nimelisema hilo na kulimaanisha.

Huko mtakuwa kina Ida na Lasse wa mtaa fulani. Kutakuwa na mama mmoja wa Kijerumani atakayewaonea huruma, au hapatakuwa na mtu kabisa, na hilo la pili ni gumu zaidi. Kuna siku mtarudi kazini mmechoka, mmechekwa, kiza kimeingia mapema, na aliye karibu wa kumkasirikia ni mmoja tu. Mtagombana. Gombaneni mpaka mwisho, msiache maneno katikati. Lakini usinipigie kabla hamjapatana. Najijua mimi. Nitamchukia Magesa mwaka mzima kwa jambo ambalo ninyi mmelisahau Jumatatu.

Na akichoka, Magesa, akatamani kurudi na akaona aibu kusema, umsaidie aseme. Nawe vivyo hivyo. Mkirudi kabla ya wakati, mtapokewa. Mkikaa miaka, mtapokewa. Ila hamtarudi nyumba ya uani. Nitaweka mpangaji, na nimeshajiapiza kuwa chai ataninywesha yeye.

Siku mkinihitaji mtaniita. Nikiitwa nitakuja kama mgeni, nitabisha hodi na kungoja mlango ufunguliwe kwa ndani, na siku ya kuondoka nitaondoka. Mwambie Magesa nitageukia ukutani yeye akila nyama.

Naogopa, sitakudanganya. Kesho jioni nitatoka dukani, miguu itaelekea uani yenyewe, na kutakuwa na giza dirishani. Nitalia kidogo, halafu nitakwenda kwa Rebeka nikamsumbue yeye, amezoea. Huo ni mzigo wangu na naubeba vizuri. Wewe ulikaa mgongoni kwangu muda mrefu kuliko watoto wa wenzangu, watu walikuwa wakinisema, na sasa nakuweka chini ukiwa na miaka yako yote hiyo. Tembea.

Mkifika nijulisheni mmefika, neno moja linatosha. Halafu Jumamosi ya kwanza tokeni, ninyi wawili, pandeni treni au chochote wanachopanda huko, mwende mahali ambapo hakuna anayewajua. Msinipigie. Nitakuwa nimekaa karibu na simu, mama yako ni yule yule. Lakini isipolia, nitafurahi.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda nikiwa hapa hapa Bweri.